Unga wa Mwamba kwa Maharage ya Huizhen

Huizhen hakuwa mtu wa kumwaga maji ya kuoshea mchele. Kila asubuhi aliyakusanya kwenye ndoo, akatoka nayo nyuma ya nyumba, akayagawa kwa mimea yake huku akiisemesha.

"Kunyweni," alisema. "Kunyweni, mkue. Mbona mmeninunia hivyo?"

Mimea ilikuwa imenuna kweli. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, lakini mahindi hayakufika hata magotini. Majani yake yalikuwa na rangi ya zambarau pembeni, kana kwamba yamepakwa wino. Mboga za haradali zilikuwa ndogo, nazo zimepiga zambarau upande wa chini.

Ng'ambo ya ua, jirani yake, Mzee Luo, alikuwa akipiga mswaki. Alitema povu, akachungulia.

"Mama Shaorong! Mwaka huu umepanda mahindi ya mapambo?"

"Piga mswaki wako, Luo. Meno yenyewe umebakiwa na manne."

"Manne, lakini yanataka kazi. Kwa mahindi hayo, yatakaa bure."

Huizhen alicheka, lakini moyoni aliumia. Kule chini bondeni walikokuwa wakiishi zamani, hakuna aliyethubutu kuicheka bustani yake. Watu walikuja kuomba miche. Udongo wa kando ya ziwa ulikuwa mweusi na laini. Ukipanda kitu, kinaota.

Kisha serikali iliamua ukanda wote wa kando ya ziwa uachwe uwe wa matete na ndege. Familia zilipewa nyumba mpya juu kilimani. Nyumba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na sakafu ya vigae na bomba ndani ya jiko. Lakini udongo wa huko ulikuwa mwekundu kama matofali. Sehemu nyingi za mkoa wa Yunnan zina udongo huo, ila Huizhen hakuwahi kuulima.

Kilichomuuma zaidi ni maharage yake mapana. Mbegu yake aliipata kwa mama yake mzazi, akaja nayo alipoolewa. Maharage hayo yalikuwa na ganda jembamba na ladha tamu, na yalibaki ya kijani hata yakipikwa. Sokoni hayakuwapo. Kila mwaka alipanda, akala, akaweka mbegu. Mwaka wa kwanza hapo kilimani alipanda kama kawaida yake. Maharage yalidumaa. Yalitoa maua machache na maganda machache zaidi. Mbegu alizovuna zilikuwa pungufu kuliko zile alizopanda.

Sasa mbegu yote iliyobaki duniani ilienea kwenye chungu kimoja kidogo juu ya kabati la jikoni.

*

Mchana huo walikula tambi za mchele na haradali ya kuchachuka. Haradali yenyewe ilitoka dukani, na Huizhen aliitazama kama mgeni asiyealikwa.

Mwanawe, Shaorong, alikuwa dereva wa lori. Alikula haraka, akaweka bakuli chini.

"Mama, nina neno. Usikasirike."

"Ukianza hivyo, nimeshakasirika. Sema."

"Kuna bwana mmoja anauza matofali. Anatafuta mahali pa kuyapanga, karibu na barabara. Ameuliza kiwanja chetu cha nyuma. Hakitoi kitu, Mama. Unajichosha bure."

Mkwe wake, Caiyun, alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza.

"Unanikanyaga kwa nini? Si ni kweli?"

"Kweli nyingine husubiri watu wamalize kula," alisema Caiyun.

Shaorong alijikuna kichwa. "Mama, kama ingekuwa ni mimi, ningenunua mbolea ya viwandani, tukamaliza. Lakini mnajua habari ya bwawa."

Walijua. Bwawa la kijiji lilikuwa chini kidogo ya viwanja vyao, na watu wote waliteka maji hapo kwa kunyweshea mifugo na bustani. Mwaka uliopita lilijaa utando wa kijani, likanuka, samaki wakaelea matumbo juu. Mbolea ilikuwa imesombwa na mvua kutoka bustanini. Baada ya hapo wanakijiji walikaa, wakakubaliana kwamba viwanja vyote vilivyo juu ya bwawa visitiwe mbolea za viwandani wala dawa.

"Mimi nimesikia jambo sokoni," alisema Caiyun. Yeye aliuza mboga na tofu mjini siku za gulio. "Kuna unga wa mwamba. Unachimbwa kule machimboni, nyuma ya mlima. Ni mwamba wa asili wenye fosforasi. Wanausaga tu, hawauchanganyi na kitu. Wanaolima bila mbolea za viwandani wanautumia."

"Sasa tunalisha mimea mawe?" aliuliza Shaorong.

"Wewe lete," alisema Huizhen. "Nikishindwa, panga matofali yako. Lakini nipe mpaka maharage ya msimu ujao."

Shaorong alimwangalia mama yake, akatikisa kichwa kukubali. Safari iliyofuata alirudi na mfuko mmoja wa unga wa kijivu, laini kama unga wa ngano.

Huizhen hakumuuliza mtu namna ya kuutumia. Alikuwa amelima tangu utotoni, ataulizaje? Alichukua unga kwa mikono, akaurusha juu ya udongo kama alivyozoea kurusha majivu. Upepo ukaugeuza, ukampiga usoni. Alikohoa mpaka macho yakatoa machozi.

"Mama Shaorong!" Mzee Luo alipaza sauti. "Umejipaka unga, unakwenda kuigiza jukwaani?"

Ili kazi iwe kamili, Huizhen alileta na majivu ya jikoni, akayamwaga juu yake. Kule ziwani majivu hayakuwahi kumwangusha.

Wiki zilipita. Mahindi yalibaki vilevile, na zambarau ikazidi.

"Tumenunua vumbi," alisema Shaorong.

*

Ilifika siku uvumilivu ukaisha. Huizhen aliingia bustanini baada ya mvua, akaanza kung'oa mahindi. Hakuyakata, aliyang'oa kwa hasira, moja baada ya jingine. Yalitoka kirahisi mno. Mizizi yake ilikuwa mifupi na michache, kama nywele za mtoto mchanga. Hilo lilimvunja moyo kabisa.

Aliingia jikoni, akawasha moto, akateleka maji. Akapanda juu ya kigoda, akashusha kile chungu kidogo.

Caiyun alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka gulioni. Aliweka kapu chini, akamkuta mama mkwe wake ameshika chungu juu ya sufuria ya maji yanayochemka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napika."

"Hiyo si ni mbegu?"

"Mbegu ya nini? Nikipanda, inakufa. Bora tuile tujue tumeila. Yaishe."

Caiyun alimshika mkono. Hawakuwa watu wa kushikana mikono hao wawili. Waliheshimiana, walifanya kazi pamoja, lakini kila mmoja alikaa upande wake. Huizhen alivuta. Caiyun hakuachia.

"Mama, tulipofika hapa ulikuwa ukiniambia niende nikalale, wewe unabaki bustanini. Mimi sijui kulima kama wewe. Lakini mbegu hii nimeila miaka yote. Mwanao amekua akiila. Usiipike."

"Mikono yangu imekufa, Caiyun."

"Mikono yako haina ubaya. Udongo ndio tusioujua. Leo nimekwenda kituo cha kilimo. Bibi shamba anakuja kesho. Mpe siku moja tu."

Mvuke uliwapanda wote wawili usoni. Hatimaye Huizhen aliweka chungu mezani.

"Huyo bibi shamba ana umri gani?"

"Mdogo kuliko mimi kidogo."

"Haya. Tutaona."

*

Bibi shamba aliitwa Pu Limei. Alikuja kwa pikipiki, na viatu vyake vya mpira vilikuwa na tope kavu. Huizhen alivitazama viatu vile kabla ya kumtazama yeye, akaridhika kidogo.

"Shikamoo, Shangazi. Naweza kuona shamba?"

"Marahaba. Si shamba tena. Makaburi."

Limei hakucheka. Alichuchumaa, akainua shina moja la mahindi lililong'olewa, akalitazama majani na mizizi. Kisha akachukua jembe, akachimba taratibu pembeni mwa mmea uliobaki.

"Njoo uone, Shangazi. Unaona huu mstari wa kijivu hapa juu?"

"Naona. Ni ule unga."

"Umeutia lini?"

"Kabla ya mvua kubwa."

"Na mvua zote hizi, bado uko palepale juu. Na mizizi iko wapi?"

Huizhen aliinama. Mizizi ilikuwa chini, mbali na ule mstari.

"Hapo ndipo penye tatizo la kwanza," alisema Limei. "Fosforasi haitembei. Si kama mkojo wa ng'ombe, kwamba ukimwaga juu unashuka na maji. Ukiiweka hapa, inakaa hapa. Mzizi ndio unaoifuata. Na mmea mdogo hauna mizizi ya kufika mbali. Lazima uuwekee chakula karibu na mdomo."

"Kumbe," alisema Huizhen.

"Fosforasi ndiyo inayojenga mizizi, maua na mbegu. Ikikosekana, mmea unadumaa. Mahindi na haradali hupiga zambarau. Maharage huwa mafupi, yamefifia, na yanatoa maganda machache."

"Ndivyo yalivyokuwa! Mimi nikadhani yana kiu."

Limei alitoa chupa ndogo mfukoni. Aliweka udongo kidogo, akatia maji safi, akatikisa, akachovya ukanda wa karatasi. Ukanda ulibadilika rangi. Akarudia kwa udongo wa upande wa pili wa kiwanja, ule uliojaa magugu, ambao Huizhen hakuwahi kuugusa.

"Shangazi, upande huu ulioulima umetia nini kingine?"

"Majivu. Mengi tu."

"Nilijua. Hebu twende jikoni. Una siki?"

"Nyumba gani isiyo na siki?"

Jikoni Limei aliomba vikombe viwili na ganda la yai. Alimimina siki kidogo katika kila kikombe.

"Sasa tia kipande cha ganda kwenye hiki cha kwanza."

Huizhen alitia. Mara ganda likaanza kutoa mapovu madogo madogo.

"Siki inalila," alisema.

"Ndiyo. Uchachu wa siki unaliyeyusha ganda. Sasa kile kingine, kabla ya kutia ganda, tia majivu. Tia mengi. Koroga mpaka kitulie."

Huizhen alitia majivu, akakoroga. Siki ikatoa povu, kisha ikatulia. Akadondosha ganda. Lilikaa kimya chini ya kikombe. Alisubiri. Hakukutoka povu hata moja.

Huizhen alisogeza uso mpaka karibu na kikombe. Akatazama kile cha kwanza, akatazama cha pili.

"Majivu yameua uchachu," alisema polepole.

"Umemaliza kila kitu," alisema Limei. "Ule unga ni mwamba. Mmea hauwezi kula mwamba. Uchachu wa udongo ndio unaouyeyusha, kidogo kidogo, mmea ukapata kula. Udongo huu mwekundu wa kilimani una uchachu. Kwa unga wa mwamba, hiyo ni bahati. Wewe ukaleta majivu, ukauondoa palepale ulipouhitaji."

"Kwa hiyo majivu ni mabaya?"

"Hapana. Kuna udongo mchachu kupita kiasi, huo unayahitaji. Chokaa nayo ni hivyohivyo. Ila usivitie pamoja na unga wa mwamba, mahali pamoja, wakati mmoja. Na kule mabondeni kwenye udongo wenye chokaa nyingi, unga huu haufai kabisa. Mtu atatupa nguvu zake tu. Ndiyo maana tunapima kwanza."

Caiyun, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza, "Na udongo wetu una uchachu kiasi gani?"

"Wa kati. Unatosha kuyeyusha unga, na maharage yanaweza kuuvumilia ukiwa na mboji nyingi. Upande ule wa magugu ni mzuri. Tuanze pale."

"Lakini mbona udongo wenyewe hauna hiyo fosforasi?" aliuliza Huizhen. "Mungu wa mlima kautengeneza bila chakula?"

"Unayo kidogo, lakini ule wekundu unaouona ni chuma. Chuma kinaishika fosforasi, hakiiachii. Ni kama mchele uko kabatini, na ufunguo amekaa nao mtu mwingine. Mboji inasaidia sana hapo. Inashikana na kile chuma, chakula kinapona."

Huizhen alivuta kigoda, akakaa. Tangu wahamie kilimani alikuwa hajamwuliza mtu swali lolote juu ya kulima. Sasa aliyamimina yote.

*

Kazi ilianza kwa mboji. Walikusanya magugu, mabua ya mahindi yaliyong'olewa na majani ya mboga. Samadi waliomba kwa Mzee Luo, aliyefuga ng'ombe wawili.

"Chukueni," alisema Luo. "Lakini nikiwapa samadi, mtanipa nini?"

"Tutakupa heshima," alisema Huizhen.

"Heshima hailiki."

"Basi ndiyo maana hukuwahi kuijaribu."

Safari hii unga wa mwamba haukurushwa kwa upepo. Caiyun aliunyunyizia maji kidogo usitimke. Wote wawili walifunga vitambaa puani na mdomoni, kwa kuwa vumbi lile si zuri kwa mapafu. Walipanga tabaka la majani na samadi, wakanyunyiza unga kama mtu anayetia chumvi, wakapanga tabaka jingine. Lundo lilipokamilika walilifunika kwa turubai, mvua isije ikaosha kila kitu kuelekea bwawani.

"Mboji inapooza hutoa uchachu wake," Limei alikuwa amewaeleza. "Mwamba unaanza kulainika humohumo kabla haujafika shambani. Ligeuzeni kila baada ya muda. Likikauka, lipeni maji."

Huizhen aligeuza lundo kwa uma wa shamba. Lilitoa mvuke wa joto. Siku nyingine alichomeka mkono ndani kuona kama bado lina moto, akautoa haraka huku akicheka.

Wakati lundo likiiva, walilima upande ule wa magugu. Walichanganya unga kidogo ndani ya udongo wenyewe, konzi moja kubwa kwa kila mita moja ya mraba, wakaufukia chini mahali mizizi inapofika. Shaorong alitaka kumwaga mfuko wote.

"Ukizidisha, haumei zaidi," mama yake alimzuia. "Ziada inakwenda bwawani. Umesahau wale samaki?"

Kisha walipanda qiao. Hiyo ni nafaka ya milimani, yenye punje za pembe tatu na maua meupe. Huizhen aliijua tangu zamani kwa kupika mikate yake michungu, lakini hakujua kwamba mizizi yake ina kazi nyingine. Limei alimweleza kwamba qiao ni hodari kuinyonya fosforasi ambayo mimea mingine haiwezi kuigusa. Ukiikata ingali changa na kuifukia, inaiacha kwenye udongo mahali ambapo mmea ufuatao unaweza kuila.

Qiao iliota haraka. Haikupiga zambarau. Ilipochanua, kiwanja kilijaa nyuki.

Shaorong alirudi safari, akasimama akitazama.

"Imependeza. Tutavuna lini?"

"Hatuvuni," alisema mama yake, akimkabidhi mundu. "Tunaikata leo."

"Ala! Inachanua hivi, tuikate?"

"Ikikomaa itabeba chakula chote kwenye punje. Sisi tunakitaka ardhini. Kata, mwanangu. Usiionee huruma."

Shaorong alikata huku akinung'unika. Lakini aliikata yote, na kesho yake, bila kuitwa, alikuja kusaidia kuifukia.

*

Mvua zilipopungua na baridi kuanza kuuma asubuhi, wakati wa kupanda maharage ulifika.

Huizhen alishusha chungu. Alimwaga mbegu kwenye ungo, akaziangalia moja moja. Zilikuwa chache. Akatenga nusu, akairudisha kwenye chungu.

"Hupandi zote?" aliuliza Caiyun.

"Safari hii nimepata akili. Tukishindwa, iwepo ya kupanda tena."

Walichimba mifereji. Chini waliweka mboji, nyeusi sasa na yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Juu yake wakaweka udongo kidogo, mbegu isikae juu ya mboji moja kwa moja, kisha mbegu, kisha udongo. Pembezoni, upande wa kuelekea bwawani, waliacha ukanda wa majani usilimwe, ili mvua ikishuka na udongo, majani yaushike.

Maharage yaliota. Hilo halikumpa Huizhen furaha, maana hata mwaka uliopita yaliota. Alingoja. Kila asubuhi alikwenda na ndoo yake, lakini safari hii hakuyasemesha. Aliogopa.

Baada ya wiki kadhaa hakuweza kuvumilia. Alimwita Caiyun, wakachagua mmea mmoja pembeni, wakauchimba kwa uangalifu, wakaosha mizizi kwenye ndoo.

Mizizi ilijaa mkono wa Huizhen. Ilikuwa mingi, imesukana, na kwenye mizizi kulikuwa na vifundo vidogo. Caiyun alipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Huo ni ugonjwa?" aliuliza kwa hofu.

"Huo ni uzima," alisema Huizhen. "Kule ziwani vilikuwa hivihivi. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi ya kuulisha mmea." Kisha akakaa chini kwenye udongo mwekundu, na nguo yake safi, akalia kidogo. Caiyun alikaa pembeni yake. Waliurudisha mmea ardhini, ingawa wote walijua huenda usishike.

Kipindi cha baridi kilipita. Maua yalitoka meupe, yenye doa jeusi, kuanzia chini ya shina mpaka juu. Maganda yakafuata, mapana kama vidole gumba. Mashina mengine yaliinama kwa uzito, Shaorong akayafungia vijiti.

Mzee Luo alichungulia juu ya ua kila siku. Utani aliuacha. Hatimaye alikuja mwenyewe mlangoni, akiwa amevaa shati safi.

"Mama Shaorong. Ule unga wako. Mimi nami nimenunua mfuko. Haradali zangu zimeanza kubadilika rangi."

"Udongo wako umepimwa?"

"Upimwe wa nini? Tumepakana. Ua ni mmoja."

"Umetia majivu?"

Luo alisita. "Kidogo."

"Kidogo cha kwako ni ndoo ngapi?"

"Mama Shaorong, nimekuja kuomba msaada, si kuhojiwa na polisi."

"Basi ingia ukae," alisema Huizhen. "Caiyun! Lete vikombe viwili, siki, na ganda la yai. Na majivu. Mzee wetu leo anasoma."

*

Walivuna mabichi kwanza. Caiyun aliyapika pamoja na wali na vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa, na nyumba nzima ikanukia. Yalibaki ya kijani ndani ya bakuli. Shaorong alikula bakuli tatu, akaegemea kiti, akafungua mkanda.

"Yule bwana wa matofali amenipigia simu," alisema.

Mkono wa Huizhen ulisimama. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mama yangu amekwisha kupanga vitu vyake pale."

Mashina bora waliyaacha yakauke shambani kwa ajili ya mbegu. Walipoyapura, chungu kilijaa, mbegu zikabaki. Caiyun alileta mtungi. Nao ukajaa. Huizhen alikaa na ungo mapajani kwa muda, kisha akaagiza vitambaa. Alifunga mafungu, moja kwa Mzee Luo, moja kwa Limei, na mengine kwa nyumba zilizokuwa zimehama pamoja nao kutoka ziwani. Watu wengi wa nyumba hizo walikuwa wameacha kulima tangu waje.

"Mama, unagawa zote?" aliuliza Shaorong.

"Za kwetu zipo. Lakini zikikaa nyumba moja tu, siku panya wakiingia, zimekwisha. Zikiwa kijiji kizima, nitakwenda kuomba kwa jirani."

Aliyapeleka mafungu mwenyewe, mlango kwa mlango. Kila mahali aliulizwa jambo lile lile, na kila mahali alijibu yale yale. Pima udongo kwanza. Funga pua. Changanya na mboji. Fukia karibu na mizizi. Majivu na chokaa, weka mbali.

Aliporudi jioni alimkuta Shaorong akishusha mifuko kwenye lori. Mitatu, ya unga wa kijivu, imepangwa ukutani.

"Hii yote ya nini?"

"Ya msimu ujao," alisema Shaorong kwa fahari. "Kama mfuko mmoja ulifanya yale, je, mitatu?"

Huizhen alicheka mpaka akashika ua.

"Mwanangu, mwamba hauna haraka. Ule tuliotia bado unayeyuka, utatulisha miaka kadhaa. Msimu ujao tunatia mboji tu, na kupima udongo. Ukituambia una njaa, ndipo tunatia tena."

"Sasa nifanye nini na mifuko hii?"

Huizhen alitazama chini ya mteremko, kwenye nyumba alizotoka kuzigongea.

"Ipakie tena, kisha rudisha lori barabarani," alisema, akishika mpini wa mlango ili apande. "Nitakuonyesha pa kuishusha."